Bwana Stoo Amegoma

Jumatatu, 3 Machi

Hili sijamwambia mtu yeyote. Kompyuta ya nyumbani haikuingiwa na virusi. Niliifuta mimi, kwa mikono yangu miwili, Mama akiwa kazini na Baba akikoroma sebuleni.

Wote wanaamini ni virusi. Dada yangu mkubwa alinipa pole! Akasema nisijilaumu. Nikakubali kutojilaumu.

Sababu: nimeweka Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta. Si ile inayokuja ikiwa tayari. Hii yangu unapewa msimbo mbichi, unajenga mwenyewe, programu moja baada ya nyingine. Darasani hakuna mwenye nayo. Wala hakuna anayejua kwamba mimi ninayo, maana sijaongea na mtu pale tangu Januari. Lakini siku nikiongea, nina la kusema.

Mafaili ya familia niliyaweka pembeni kwanza. Mimi si mnyama.

Jumanne, 4 Machi

Dada kaja. Maombi ya chuo cha uuguzi yanafungwa Ijumaa saa kumi na moja jioni. Barua yake imo humo ndani, imebaki aya ya mwisho. Mwaka jana alichelewa siku mbili kwa sababu alikuwa anamwuguza Mama. Safari hii hataki kuchelewa hata dakika. Akauliza kompyuta itapona lini.

Nikasema kesho asubuhi. Sijui kwa nini nilitaja asubuhi.

Kinachokosekana ni programu ya kuandikia tu. Ipo programu moja inayoleta na kujenga nyingine zote. Mimi naiita Bwana Stoo. Nikamwagiza. Akakataa! Programu ya kuandikia inataka Python mpya, ile lugha ambayo programu nyingi zimeandikwa kwayo. Programu ya kuchapishia inataka Python ya zamani. Wamenuniana kama mashangazi wawili: yule akija, mimi siji.

Shuleni tunasoma kwa lugha mbili. Ujumbe wa Bwana Stoo niliuelewa kila neno, kwa lugha zote mbili. Yakikaa pamoja, hayo maneno hayaniambii kitu.

Jumatano, 5 Machi

Kuna faili ambamo unaandika matoleo gani yaruhusiwe. Nimeandika: yote.

Bwana Stoo akajibu kwamba sasa itabidi ajenge upya programu mia tatu na kumi na nane. Feni ikaanza kunguruma. Baba akauliza kwa upole kama nasaga nafaka humu ndani. Saa sita baadaye Bwana Stoo akasimama ghafla. Ugomvi ni ule ule, ila sasa umeingiliwa na ndugu na jamaa.

Mama akasema aitwe Binamu. Huyu ni mtoto wa shangazi, ukoo mzima unamwita Fundi, kisa aliwahi kuizima televisheni akaiwasha tena. Nikasema hakuna haja. Nilisema kwa sauti kubwa hadi nikajishtua.

Alhamisi, 6 Machi

Wazo! Watu wawili wanagombea kiti? Ondoa kiti.

Nikamwagiza Bwana Stoo aziondoe Python zote mbili, tuanze upya kwa moyo safi. Alinionya kwa maandishi mekundu. Akahesabu sekunde tano, eti nipate nafasi ya kughairi. Zile sekunde nilizitumia kujipongeza.

Akaziondoa. Nikamwagiza alete moja mpya.

Kimya.

Bwana Stoo mwenyewe ameandikwa kwa Python. Nimemwambia mtu ajing'oe miguu, halafu nikamtuma dukani.

Dada akaingia, akasimama nyuma ya kiti changu akitazama skrini nyeusi. Akauliza, bado? Nikasema karibu. Akanigusa bega, akasema ananiamini. Afadhali angenichapa.

Ijumaa, 7 Machi

Mama kampigia Binamu bila kuniuliza. Kafika saa tisa alasiri, begi mgongoni, anatafuna bigijii. Akatazama skrini, kisha akanitazama mimi. Akaniuliza: mdogo wangu, huyu ni mgonjwa au marehemu?

Baba alicheka. Mimi nilichunguza sakafu.

Akachomeka flashi, akaiwasha kompyuta kwa mfumo uliokuwa humo, akaikuta barua ya Dada, akaihamishia kwenye laptop yake. Dakika saba! Nilihesabu kwa uchungu. Dada akaandika aya yake ya mwisho. Ikaenda saa kumi na dakika arobaini. Jibu likarudi pale pale: usaili Jumatatu saa nne asubuhi, kwa video.

Dada akalia. Mama akalia. Baba akasema vijana wa siku hizi wana akili, akimtazama mmoja tu. Nami nililia, lakini bafuni.

Mlangoni Binamu akaninong'oneza kwamba ameona. Hapana virusi mle. Hatasema kwa mtu. Ila siku nyingine nikiona maandishi mekundu, niyasome. Nikaapa. Laptop amemwachia Dada mpaka usaili upite.

Jumapili, 9 Machi

Nimetafakari siku mbili. Nimejiuliza maswali magumu, tena bila kujionea huruma. Kosa nimeliona.

Kosa lilikuwa la ile kompyuta. Ilikuwa kuukuu mno.

Laptop ya Binamu ina kasi mara nne. Lakini jana Dada alipojaribu video, picha iliganda mara mbili. Je, ikiganda kesho mbele ya wasaili? Mashine iliyojengwa kwa mkono, kwa kipimo chake yenyewe, haigandi. Kwa hiyo asubuhi, wote walipotoka kwenda kwa shangazi, nilianza kuifuta laptop niijenge upya. Maandishi mekundu yalitokea. Niliyasoma yote, neno kwa neno, kama nilivyoapa. Kisha nikabonyeza ndiyo.

Wamerudi. Nasikia hatua ukumbini, ndala za Dada, zinakuja huku. Anataka kufanya mazoezi ya usaili. Siku zote daftari hili huingia chini ya godoro haraka kuliko panya. Leo siliondoi. Naliacha wazi juu ya meza, kalamu pembeni, kwa sababu kwa mdomo sitaweza.

Dada, ukifika mstari huu: tafadhali usiizime. Imeshajenga programu arobaini na moja, kati ya mia tano na sita.