Kesi ya Maneno Mawili na Mbuzi Watatu

Jumatatu, 8 Septemba
Kikao cha chama chetu cha wauza mbuzi. Kiti cha katibu kiko wazi. Ni changu! Lazima kiwe changu, mke wangu Sahra ameshatangazia ukoo mzima. Ghafla Fardosa, mpinzani wangu, akauliza kama mimi, Noor, najua tofauti ya "stationary" na "stationery". Fitina tupu. Nikajibu kwa sauti ya profesa kwamba ni neno moja: moja la Waingereza, jingine la Wamarekani. Fardosa akacheka mpaka mtandio ukamponyoka. Uchaguzi umesogezwa hadi Ijumaa.

Jumanne, 9 Septemba
Nimepata dawa yake. Nimepeleka kesi kwa wazee! Mzee Golicha na wenzake wawili husuluhisha ugomvi wa malisho huko Kipsing. Kiingereza watakitoa wapi? Watasema ni neno moja ili tupatane, basi. Akili ninazo. Tatizo dogo: mleta kesi ndiye huwalisha wazee. Nimechinja mbuzi.

Jumatano, 10 Septemba
Kesi imeahirishwa. Mzee Golicha anasema neno refu namna hiyo haliamuliwi kwa siku moja. Mbuzi wa pili. Akiguguna ubavu aliniambia kwa upole kwamba bado naweza kumwomba Fardosa radhi, mambo yaishe. Nikamwambia mimi sirudi nyuma. Akaomba supu.

Alhamisi, 11 Septemba
Mbuzi wa tatu. Yule mweupe wa Sahra. Sahra hanisemeshi.

Ijumaa, 12 Septemba, baada ya swala
Nimekwisha! Mzee Golicha alifuta mikono, akasema moja ni kusimama bila kusogea, kama lile lori langu bovu. Jingine ni karatasi na kalamu. Kumbe alikuwa mtunza stoo katika ofisi ya serikali miaka thelathini! Nikauliza mbona hakusema tangu Jumanne. Akasema Jumanne nyama ilikuwa bado jikoni. Fardosa ndiye katibu. Nimeona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Jumamosi, 13 Septemba
Kiti cha mweka hazina nacho kiko wazi! Fardosa amekuja na "principal" na "principle". Nimemwambia ni neno moja. Amebisha. Safi sana. Nimeshaita wazee wengine, wa kutoka Kinna. Hao, naapa, stoo hawajawahi kuishika. Sahra amevunja kimya chake kuuliza watakula nini.

Swali gani hilo? Bado tuna mbuzi wawili.