Dawa ya Kikojozi Ilivyonipata Mimi

Leo nimeaibika Milimani, na mwenye makosa namtaja mapema: shangazi yangu Wambui wa Bahati.

Huyu ndiye alininyima chai kuanzia saa kumi nikiwa mtoto, akanilisha mahindi ya kuchoma na chumvi, eti yanakausha kibofu. Asubuhi natembezwa mpaka barabarani na blanketi lenye mkojo kichwani. (Miaka arobaini imepita. Sijasamehe.)

Sasa mjukuu wangu Njeri, miaka saba, naye anakojoa kitandani. Leo tulikuwa tunaenda Milimani kuona mtoto mchanga wa mpwa wangu Wairimu, na Njeri akaalikwa abaki huko alale na wenzake. Wiki nzima anaruka tu! Nikaogopa atachekwa. Nikafanya ujinga, nikampigia Wambui.

"Chemsha nywele za mahindi. Kikombe kimoja tu, kibofu kinafunga kama kufuli."

Njeri akanusa, akakunja uso. "Shosho, kunywa wewe kwanza."

Nikanywa. "Tamu!" (Uongo.) Bado akakataa. Nikanywa na chake, kisimwagwe bure.

Kufika Milimani, kibofu kinapiga kelele. Nikauliza choo kiko wapi. Wambui, aliyekuwa ametangulia kufika, akanidaka mkono. "Ngoja, tuombe kwanza."

Si mnajua maombi ya kuona mtoto? Duara, mikono imeshikana, hakuna mtu anatoka. Akaombea mtoto. Akaombea baba yake aliye kazini Olkaria. Akaombea ng'ombe wa Bahati, mmoja mmoja, kwa majina! Ng'ombe wa nne nikashindwa.

Kwa kapeti nyeupe, jamani!

Wambui akafungua macho, akaona maji, akamkazia Njeri. "Si nilisema huyu mtoto asilale kwa watu?"

Wamama wote wakageuka. Mdomo wa Njeri ukaanza kutetemeka.

Nilitazama dari kidogo, kama si mimi. (Mungu anisamehe.) Halafu nikapaza sauti: "Ni mimi! Mimi ndio nimekojoa! Na dawa ni yako, Wambui!"

Wairimu akacheka mpaka akampa mtu mtoto amshikie.

"Njeri analala hapa," akasema. "Shosho ndio sijui."

Nikatoka na suruali ya kuazima. Njeri akanifuata mpaka geti, akaninong'oneza: "Shosho, usiogope. Ukiamka, geuza tu godoro."

Msinicheke. Na kama lazima mcheke, anzeni na Wambui.