Jinsi Baba Alivyozitiisha Noti Mpya

Sogeeni, enyi mlio na masikio, na mwenye chungu jikoni apunguze moto, maana habari hii ina vita ndani yake. Nawasimulia siku ambayo baba yangu, muuza sabuni na nyuzi, asiyeona tangu utotoni, Simba wa Kigoda, Mlinzi wa Droo, alipambana na karatasi tatu akazishinda bila kuinuka alipokaa.

Miaka thelathini hakuna noti iliyowahi kumdanganya. Alizipima kwa kidole cha shahada: iliyoishia kifundo cha kwanza ni ndogo, iliyofika cha pili ni kubwa, na ya kati ilijulikana katikati yao. Kisha likaja tangazo la noti mpya, zote za kimo kimoja, na nguzo za ufalme wake zikatikisika.

Kila mtu mtaani alikuwa na sababu yake ya mabadiliko hayo. Kinyozi alishikilia kwamba mkubwa wa nchi amechoshwa na picha yake yenye upara. Muuza mkaa aliapa kuwa ni njama ya kumtoa bibi yake pesa za godoroni. Ndipo akaja mama mmoja wa benki, akasimama juu ya kreti la soda na kutufumbua macho: waghushi wameisoma noti ya zamani mpaka wamehitimu, karatasi nayo huchoka kwa jasho la mifuko, na safari hii wasioona wamekumbukwa, kwani ukingoni kuna mistari iliyoinuka, mmoja kwa noti ndogo, miwili kwa ya kati, mitatu kwa ile kubwa. Za zamani, alisema, mwisho wake ni Ijumaa.

Baba mdogo, aliyekuwa amekitamani kigoda kile tangu enzi na enzi, hakungoja kreti lirudishwe dukani.

"Kaka, umepigana vya kutosha," alisema. "Kapumzike nyumbani. Zama hizi ni za wenye macho."

"Nipe mpaka Ijumaa, mdogo wangu," baba akajibu. "Nikikosea noti moja, chukua kigoda, na ufunguo wa droo juu yake."

Basi kila alasiri nikampelekea noti mpya azizoee. Alizipapasa kwa gumba, akazigeuza, akazipapasa tena. Jumatano alisukuma kikombe cha chai kando na kusema zimenyamaza, hazimwambii kitu. Nilimlaani yule mama wa benki kimoyomoyo, mpaka baba alipoinua noti moja puani.

"Mwanangu, mbona hela inanukia shati la sikukuu?"

Nikakiri. Mimi ni dobi. Noti hunifikia zimelowa katika mifuko ya wateja, nami huzipiga pasi pamoja na kola. Hizi za baba nilizikandamiza kuliko zote, kwa heshima. Mistari yote nilikuwa nimeilaza kwa mkono wangu. Hakunigombeza. Alisema kumbe adui analala humu humu nyumbani na anatupikia chai, akacheka mpaka chai yenyewe ikamwagika. Nilikwenda mbio kwa muuza mkaa kubadilisha kwa noti ambazo hazijaonja pasi.

Ijumaa ikapambazuka. Kinyozi aliacha kichwa kimenyolewa nusu, na mwenye kichwa akaja naye. Baba mdogo akaweka noti ya kwanza mezani. Gumba la baba likatambaa ukingoni kama mpelelezi nyuma ya ngome.

"Ndogo."

Ya pili.

"Kubwa. Na umeikunja mara nne, bahili wewe."

Ya tatu alikaa nayo. Akaipapasa ukingo wa kwanza, wa pili, akarudi. Baba mdogo alikwisha kunyoosha mkono kuelekea ufunguo, nami nilikuwa nimeuma khanga. Ndipo baba akailaza noti ile juu ya kidole cha shahada, kama zamani.

"Haina mstari hata mmoja, na imefika kifundo cha pili," alisema taratibu. "Mdogo wangu, umeniletea mstaafu. Benki inafunga saa tisa. Unao wengine wangapi humo mfukoni, wewe mwenye macho?"

Baba mdogo akaitazama noti, kisha akatoa burungutu lake na kulitazama pia. Kama ulikuwa mtego au usahaulifu, mpaka leo sijui. Alikimbilia benki, ndala moja ikabaki uwanja wa vita kama nyara.

Na ijulikane kwa vizazi kwamba siku ile sabuni iliuzwa kama kawaida, na kigoda hakikuhama makalio mpaka mwenyewe alipokufa, miaka tisa baadaye.

Mwezi uliopita wametangaza noti mpya tena. Waghushi, wanasema, wamehitimu upya. Ile ndogo ya kwanza ya Ijumaa ile, yenye mstari mmoja, ninayo bado; sikuipeleka benki. Kila kitu mtaani hapa hupita chini ya pasi yangu; hiyo haijapita, wala haitapita.