Kuzinduliwa kwa Kituo cha Kupumzisha Masikio ya Marubani

Mheshimiwa Mgeni Mkuu, ambaye kwa bahati nzuri ni mimi mwenyewe. Maaskofu na maimamu wetu. Wazee wa mitaa kutoka Milimani hadi Section 58. Bwana Pradeep, aliyetuletea hema na viti. Akina mama wa kwaya. Stakeholders wote, walioalikwa na waliofuata harufu ya pilau. Itifaki ikiwa imezingatiwa, hamjambo? (Hatujambo!) Hamjambo tena? (Hatujambo, kwa sauti ndogo.)

Nasimama mbele yenu kama Mwenyekiti wa Kamati Maalum ya Utulivu wa Masikio ya Marubani, kazi ambayo sikuiomba, niliililia tu. Mnamjua Kapteni Winrose Kosgei, binti yetu anayenyunyizia ngano dawa kwa ndege kule Mau Narok. Alituandikia barua akisema kwamba baada ya saa sita za mngurumo wa injini, kusikiliza redio kunamchosha kuliko kurusha ndege yenyewe. Kila neno analivuta kama ndoo kutoka kisimani, na anaogopa kwamba siku moja litachelewa kufika juu. Aliomba vitu viwili, headset ya kuzuia kelele na chumba kimya cha kupumzikia. (Watu wanasikitika.) Sisi kama serikali sikivu hatukukimbilia kumpa. Tulifanya feasibility study. Tulikaa Naivasha siku kumi na moja, hotelini kando ya ziwa, tukijionea kimya kwa macho yetu, halafu tukahoji marubani wawili, mmoja akiwa usingizini, na asilimia mia moja na nne yao wakakiri wamechoka. (Makofi.)

Ndiyo maana leo nazindua kituo cha kisasa, state-of-the-art, hapa hapa kwenye kiwanja cha ndege, ambapo tumepiga hema katikati ya njia ya kutua kwa sababu ndipo pasipo na matope. (Ndege inasikika juu.) DJ, ongeza sauti, hiyo ndege inanifunika. (Spika zinanguruma.)

Nimeletewa kikaratasi na Mzee Jonah wa redio ya kuongozea ndege. Anasema aliye huko juu ni Kapteni Winrose mwenyewe, amebakiwa na mafuta ya robo saa, anaomba mahali pa kutua, na kila Mzee akijaribu kumjibu, spika zangu zinaingia kwenye redio yake, kwa hivyo Kapteni anasikia hotuba tu. (Minong'ono.) Wananchi, hamwoni baraka? Tumemfikia beneficiary moja kwa moja! Mwambieni azunguke kidogo, hata maendeleo huzunguka kabla ya kufika. Nimebakisha kurasa tisa. Ukurasa wa kumi na mbili unasema... Akina mama, mbona mnasimama? Akina mama, kaeni chini. (Kwaya nzima inashika hema kila pembe na kuondoka nalo. Watu wanabeba viti. Ndege inatua.)

Sawa. Hiyo inaitwa public participation. Karibu, Kapteni. Vaa hii headset tupige picha, halafu shika maikrofoni, uwaambie wananchi jinsi ulivyoupokea mradi.

(Kapteni: "Mheshimiwa, nimekusikiliza dakika kumi bila kutaka, nikimtafuta Mzee Jonah ndani ya maneno yako. Nimeogopa sana. Masikio yangu yamechoka. Naomba tu unyamaze." Makofi marefu kuliko yote.)

Mmesikia? Hayo ni maoni mazuri, na yataundiwa kamati. Nikisema masikio, mseme yapumzike. Masikio! (Kimya.) Nimesema, masikio! (Kimya. Ng'ombe analia ng'ambo ya ua.) Basi ndugu zangu, kimya hicho ndicho kituo chenyewe, na mmejionea kimeanza kazi.

Nawashukuru wote. Viti virudi kwa Bwana Pradeep. Hili jiwe la msingi lipakiwe kwenye pickup polepole, rangi haijakauka, maana saa nane linatakiwa Elburgon likawe zahanati. Na wewe Kapteni, picha zikiisha, hiyo headset uivue. DJ anaingojea.