Kituo cha Kumi na Moja

Jumatatu, 3 Machi

Halmashauri ya mji imezindua Matembezi ya Urithi. Mgeni anachukua ramani, anafuata mishale ya njano iliyopakwa barabarani, anajitembeza mwenyewe. Vituo kumi. Kisima cha zamani kimo. Ghala lililoungua limo. Hata ngazi za shemeji yangu, fundi viatu, zimo! Ngazi tatu za mawe zilizolika katikati. Saluni yangu, ukuta kwa ukuta na yeye, haimo.

Chai nimeiacha mezani. Mke wangu kasema kiti changu kikiendelea kukaa kitupu hadi mwisho wa mwezi, chumba anampa kaka yake apanue kazi. Chumba ni chake, alijengewa na baba yake, nami hukumbushwa kila mlo. Lakini kunyoa ndiyo kazi pekee niijuayo. Nikipoteza chumba nitaishia kwenye stuli ya shemeji nikipaka viatu vya watu kiwi. Bora nife.

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda kwa Mwalimu mstaafu, aliyepanga matembezi. Nikamvika kilemba cha ukoka mpaka mate yakanikauka. Akauliza saluni ina umri gani. Nikasema inakaribia karne. Akasema yeye ndiye aliyekuwa mteja wangu wa kwanza siku ya ufunguzi, akageuza kichwa nione kovu la sikio. Watu wana vinyongo!

Sikukata tamaa. Nimechonga kibao changu mwenyewe, namba kumi na moja: "Hapa ndipo waasisi wa mji waliponyolewa." Kiti nimekipaka masizi, kikazeeka papo hapo. Nikakaa kukitazama. Machozi yalinilengalenga. Maskini waasisi.

Alhamisi, 6 Machi

Wageni wamekuja! Wamekipiga kiti picha kila upande. Hakuna aliyenyolewa. Muuza nyama alipofika kutoa ndevu, mama mmoja mgeni alimwomba kwa adabu asikalie kitu cha kale. Akatii, akaondoka na ndevu zake. Mteja pekee wa wiki!

Jioni shemeji kachungulia, akauliza kwa upole kama waasisi nao waliondoka na masikio nusu. Nimemnunia. Na kosa nimeshaliona: wageni wanaanzia kwake, kwangu wanafika wamechoka. Dawa ni mishale.

Ijumaa, 7 Machi

Nimefanya kazi mchana kweupe. Ukivaa kizibao kinachong'aa na kushika ndoo ya rangi, hakuna anayekuuliza kitu. Askari wa barabarani alinisimamishia magari. Mwalimu mwenyewe alipita upande wa pili akimwambia mwenzake kwamba halmashauri safari hii imeamka.

Mishale ya zamani nimeifuta. Sasa mgeni anatoka kisimani, anapita uchochoro wa kokoto, anafika mlangoni kwangu bila kuziona zile ngazi. Akitoka kwangu anarudishwa kisimani, ili akibadili mawazo kuhusu nywele apitie tena. Akili hii sijui niliirithi kwa nani.

Jumamosi, 8 Machi

Balaa.

Wageni wamezunguka. Kisimani, kokoto, kwangu, kisimani. Wengine walianza kusalimiana kama majirani. Kufikia adhuhuri soli zimeachama, visigino vimeng'oka, watu wanachechemea. Na fundi viatu yuko wapi? Ukuta wa pili! Walijaa peku kwenye ngazi zake tatu, naye anagonga misumari huku akiwasimulia historia. Mke wangu akaja kuwatafutia pa kukaa. Akachukua benchi langu. Kisha kioo, maana kuna aliyetaka kujitazama. Kisha kiti cha waasisi, akakalishwa bibi mwenye gauni jeupe. Aliinuka na masizi yote.

Mwalimu alifika akiwa amekasirika, ramani mkononi. Akaitazama mishale. Akavitazama vidole vyangu vya njano. Akatoa kalamu, akaandika kitu nyuma ya ramani. Hilo ndilo lililonitisha.

Jumatatu, 31 Machi

Mwisho wa mwezi. Mke wangu alisimama mlangoni na ufunguo.

"Baba Watoto, toa vitu vyako. Kaka anahamia leo."

Hakugomba, na ningependa agombe. Nikakunja lile shuka la kuwafunika wateja. Halikuwa na hata unywele mmoja. Nimelia, na naandika wazi kwamba nimelia.

Jumatano, 2 Aprili

Mwalimu kaja na nyundo na kibao halisi cha halmashauri. Namba kumi na moja! Kakigongomea juu ya mlango uliokuwa wangu: "Hapa palikuwa na kinyozi aliyewazungusha wageni siku nzima. Tafadhali fuateni ramani, si mishale."

Wageni wanacheka mpaka wanashikana mabega. Wacheke! Kibao cha shemeji kina maneno mawili tu, "Ngazi Kongwe". Changu kinasomwa hadi mwisho, na wengine wanarudia. Nimesimama chini yake nikapigwa picha. Nimeingia kwenye historia nikiwa hai.

Shemeji kanipa stuli na kopo la kiwi. Kwa muda tu. Tatizo viatu vya wageni ni visafi mno, barabara yote kavu. Lakini nyuma ya bucha pana matope mazuri, mazito, hayakauki mwaka mzima. Rangi imebaki nusu ndoo. Kizibao ninacho. Mishale michache tu.