Kuhusu Kukatazwa Kumpigia Hodi Kipanga

Kituo cha Kuwatunza Wanyamapori Majeruhi na Yatima,
Nyuma ya chumba cha mizani, juu ya ndoo iliyopinduliwa,
Saa saba na nusu mchana, siku yangu ya kwanza kazini.

Ndugu Mkurugenzi,

KUHUSU: KUNYIMWA HAKI YA KUSEMA, NA KINDA ANAYEKARIBIA KUFA KWA SABABU HIYO

Natumaini barua hii inakukuta mzima wa afya, na umeshakula. Nauliza habari za kula kwa sababu yupo mmoja hapa kituoni ambaye hajala, na ndiye aliyenifanya nishike kalamu.

Mimi ni yule mama mpya wa zamu ya ndege. Kwa miaka ishirini na sita nilikuwa mtangazaji wa stendi ya mabasi. Nikitangaza kwamba basi linaondoka, hata aliyekuwa chooni alitoka mbio. Nilipostaafu nilihamia kwa binti yangu, na haukupita mwezi akanitafutia kazi hii, akisema itanifaa sana. Leo ndipo nimetambua kwamba aliyetafutiwa nafuu si mimi.

Asubuhi nilikabidhiwa kinda wa kipanga aliyeanguka pamoja na kiota chake mti ulipokatwa. Amegoma kula siku mbili. Daktari wa wanyama aliniambia waziwazi kwamba asipokula leo, kesho hatutakuwa naye. Kisha akaniachia bakuli la nyama, akaenda kuziba ufa kwenye gamba la kobe.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Hodi. Sikulelewa kuingia chumbani mwa watu kama upepo. Nilisimama mlangoni pa kizimba nikapiga hodi, nikasalimia, nikauliza ameamkaje. Kinda yuleyule aliyewashinda wataalamu siku mbili aligeuza shingo akapanua mdomo mpaka nikaliona koo. Nikampa kipande, nikamsimulia kidogo habari za stendi, akapokea cha pili. Hapo ndipo daktari alipotokea, kobe kwapani, akanitoa nje na kunionyesha bango ambalo nilikuwa nimelitundikia mkoba wangu. Limeandikwa: USIZUNGUMZE NA MGONJWA. Ndugu Mkurugenzi, hata mfungwa ana siku ya kutembelewa.

2. Mavazi. Nimevishwa shuka la kijivu kuanzia utosini hadi vidole vya miguu, lenye matundu mawili ya kuchungulia. Mkononi nimevishwa soksi iliyoshonewa mdomo wa ngozi, na vifungo viwili vya shati ndiyo macho. Natakiwa kumlisha kwa soksi hiyo, kimya, mpaka aamini kwamba nimemtaga. Kifungo cha kushoto kinaning'inia. Mama yangu angekuwa na jicho la namna ile, nami ningegoma. Na kweli, saa sita nilipoingia bila neno, kinda alinipa mgongo. Nilikaa robo saa nzima mkono uko hewani hadi ukafa ganzi, yeye hata kunitazama. Mgawa vyakula wetu, ambaye wote wanamwita Mzee Ndoo, alichungulia, akatikisa kichwa, akaondoka na bakuli.

3. Sababu inayotolewa. Daktari anasema kipanga akizoea sauti ya binadamu, siku moja atatua juu ya paa la mtu kuomba chakula, na wenye kuku watampiga mawe. Hoja hii naijua kuliko yeye, maana mwenye kuku ni mimi. Nina matetea saba nyuma ya nyumba ya binti yangu, na vipanga nimewarushia mawe, kandambili, na siku moja sufuria na mfuniko wake. Sijawahi kumpata hata mmoja, lakini nia ilikuwepo. Kwa hiyo kinda anaachwa afe njaa leo ili mwaka kesho asije akapigwa na mimi. Daktari akanikumbusha kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Nikamjibu kwamba mwana anayelia ana nafuu, huyu wetu amenyamaza.

4. Ninachoomba. Kanuni ya kimya ifutwe kabla ya mlo wa saa kumi na moja jioni. Kama tatizo ni mawe, kituo kiwaandikie wenye kuku wote wa mitaa ya jirani, wamvumilie kipanga yeyote atakayefika kwa adabu. Sahihi ya kwanza nitaweka mimi. Wakikataa, kinda ashonewe fulana ya rangi ya kuonekana kutoka mbali, yenye jina la kituo mgongoni. Fulana ikimzuia kuruka, basi tuachiwe msituni wote wawili, niwe namtangazia hatari zikikaribia. Sauti yangu inafika. Binti yangu sijamuuliza, lakini namjua, hatakuwa na kipingamizi.

5. Hili la mwisho ndilo linaloniuma. Daktari anasema mambo yakienda vizuri, kinda huyu ataruka asigeuke nyuma, na hatajua maisha yake yote kwamba nilikuwepo. Nimelea watoto watatu. Kugeuka nyuma hawageuki sana, lakini angalau sura yangu wanaijua. Nimlishe kiumbe huyu mpaka ameota manyoya, kisha nibaki kuwa soksi? Ndugu Mkurugenzi, hapo nimeumia kweli.

Maombi yangu yasipokubaliwa, tafadhali pokea kujiuzulu kwangu kuanzia kesho asubuhi, na unifikirie kwa nafasi ya kupokea simu pale mapokezi, ambako kusema ndiyo kazi.

Unisalimie wa nyumbani kwako wote, wakubwa kwa wadogo. Nisalimie pia Mzee Ndoo, kobe na gamba lake, na hata daktari, ingawa hatusemezani, yeye kwa hasira na mimi kwa kanuni.

Wako mtiifu, kwa shingo upande,
Mama wa Stendi

Nyongeza: Nilikuwa njiani kwenda kuitia barua hii kwenye sanduku la maoni nilipoitwa kwenye mlo wa jioni. Kabla ya kuingia nilikaza kile kifungo kwa uzi wa daktari wa kushonea vidonda. Niliingia bila hodi. Nilikaa mpaka mkono ukaanza kufa tena, na nilikuwa nakata tamaa, alipogeuka akaligonga lile jicho kwa mdomo wake, mara moja, mara ya pili. Kisha akala vipande saba, akailalia soksi. Sikutoa sauti. Nililia ndani ya shuka, na shuka halisemi.

Kwa hiyo kanuni ibaki palepale, na wenye kuku wasiandikiwe chochote. Kesho nitafika saa kumi na mbili asubuhi. Soksi yangu asipewe mtu mwingine. Tangu nirudi nyumbani nafanya mazoezi ya kunyamaza, na binti yangu ameshaniuliza mara tatu naumwa wapi.

Na siku atakapoachiwa, akipita juu ya paa letu, nitatoka nimrushie kandambili. Ni vizuri aendelee kuwaogopa watu. Usiwe na wasiwasi: kama nilivyoeleza hapo juu, sijawahi kumpata hata mmoja.