Jua la Kambini Kwetu Halizami

Ijumaa, 7 Juni 1974
Kesi imekwisha! Drusilla, mke wangu aliyeniacha akaenda kukaa kwa kaka yake kambi ya pili, ameambiwa na wazee wa kanisa aniletee Bonareri kila Sabato. Binti yangu! Miaka saba, na maswali hayamwishi. Atakuwa nami tangu ibada itoke hadi jua lizame. Muda mfupi mno. Lakini nimewaza. Msimu huu ukungu hufunika shamba zima la majani chai. Nani kambini amewahi kuona jua likizama? Hakuna! Nikajiambia: Atuti, una kichwa wewe.

Jumamosi, 8 Juni
Kaja! Tumekula ndizi nilizopika jana, maana Sabato hakupikwi. Akauliza mbona wachumaji huacha majani makubwa. Akauliza kinyonga hulala wapi. Tukamtafuta. Sijacheka hivi tangu mama yake aondoke.

Giza likaingia. Drusilla akafika, kabeba furushi, pamoja na Mzee Onsongo wa kanisa. La nini? Onsongo akasema jua limezama. Nikamuuliza kama aliliona kwa macho yake. Akakiri hakuliona. Nikasema basi mtoto haendi. Drusilla akamshika Bonareri mkono, wakaondoka na furushi lao. Hoja nimeshinda. Lakini lile furushi... Viazi? Sufuria yangu iliyopotea?

Jumapili, 9 Juni
Wazee wamekaa. Wamekubali kwamba kwangu jua halionekani. Kwa hiyo mtoto atarudishwa mara tu wingu litakapolifunika. Ala!

Jumamosi, 15 Juni
Tumetoka kanisani, wingu hilo! Bonareri hata ndizi hakumaliza. Akauliza kama wingu limemkasirikia. Machozi yalinitoka mbele ya Onsongo aliyekuja kumchukua, aibu tupu. Nikamuuliza haraka lile furushi lilikuwa la nini. Akasema ni blanketi la Bonareri na gauni lake la kulalia. Mama yake alitaka alale kwangu hadi Jumapili, ila nilianza kubishana.

Mungu wangu.

Jumapili, 16 Juni
Onsongo anasema niende kwa Drusilla, niseme nimekosa, blanketi litarudi. Ati hayo tu! Mbona rahisi hivyo? Hapana, nina njia bora. Kule chini Soin hakuna ukungu, jua linawaka hadi jioni. Kesho naenda kutafuta kibarua huko. Wingu litoke wapi? Na jioni ikifika, kuna vilima. Nani ataapa kwamba jua limezama, halijajificha tu nyuma ya kilima?